Hivi kufurahia kukaa peke yako uzeeni ni kawaida au nna tatizo?

Bi_Mstaafu67:

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Naomba mnisikilize manake hili jambo nikiongea na wanangu hawanielewi.

Nna miaka 67, mjane. Kazi niliyoifanya maisha yangu yote ilikuwa ya watu, asubuhi mpaka jioni naitwa, naulizwa, naamua magomvi, nikirudi nyumbani nakuta wengine wananisubiri, na marehemu mzee wangu naye alikuwa mtu wa wageni haswa. Sasa watoto wana kwao, nyumba nimebaki nayo mimi. Mwanzoni nilikuwa naacha tv inaongea tangu naamka mpaka nalala, siiangalii ila sauti iwepo tu. Siku hizi asubuhi naizima. Na kwakweli nimeanza kuzipenda hizo asubuhi, naamka jua halijatoka, nafungua dirisha nakaa, hakuna anayeniita, nasikia raha ambayo hata sijui niielezeje. Afu nyuma ya raha inakuja aibu, najiuliza hivi huku kufurahi wakati mwenzangu yupo kaburini ni kitu gani?

La pili ni mchana. Kuanzia kama saa tisa alasiri mpaka giza liingie mambo yanageuka kabisa, nyumba ileile niliyoipenda asubuhi inanielemea, nashika simu naweka, nashika naweka. Binti yangu anataka nihamie kwake. Akipiga nikamwambia nipo peke yangu na nipo sawa ananyamaza kidogo, najua anawaza mama ameanza kuchanganyikiwa.

Naomba wa umri wangu na walionizidi mniambie, kukaa peke yako ukafurahia kunafundishika? Na hizo saa za jioni nyie mnazipitishaje? Tafadhali msiniambie nijiunge na vikundi, vipo viwili nimo na navipenda, siulizii hivyo.

fundi_asiyelala:

Marahaba mdogo wangu, mi nimekupita, nna 73.

Hiyo aibu iache, aliyekupenda hawezi kununa huko alipo kwa sababu umefurahi kukuche. Tuongee jioni.

Jioni usiingie mikono mitupu, basi. Asubuhi unaweza kukaa bure ukaridhika kwa sababu akili bado mbichi na siku ipo mbele yako, ila ikifika hiyo saa tisa umeshachoka na huna unachosubiri, ukikaa bure hapo mawazo ndo yanakuendesha. Mi natengeneza redio za zamani, sio biashara, napenda tu. Kazi za kutumia akili nafanya asubuhi, kutafuta wapi moto unakatika na kadhalika, jioni najiwekea zile za mikono tu, kusugua kutu, kupanga skrubu kwa ukubwa, kukunja waya. Kitu ambacho ukimaliza unakiona kimeisha. Kwako itakuwa kingine, kushona, bustani, chochote, ila kiandae asubuhi kikukute mezani, usisubiri saa tisa ndo uanze kuwaza nifanye nini leo, hapo umeshachelewa.

Kuhusu kufundishika ndio kunafundishika, na mwalimu wangu mimi alikuwa buibui. Msicheke. Kuna hawa wadogo wasiotega utando, wanaoruka, wanapenda kingo za dirisha. Siku moja nilikuwa nasubiri gundi ikauke nikamwona mmoja ananiangalia, na kweli anakuangalia, ana macho manane na mawili ya mbele makubwa, ukisogea kushoto anageuka kushoto. Nikatulia. Alikuwa anamnyatia inzi, anapiga hatua, anasimama, inzi akijipangusa miguu yeye anasogea, akitulia na yeye anatulia, na kabla ya kuruka akagusisha tumbo chini, nikaja kusoma kumbe pale anafunga uzi kwanza ndipo aruke, akikosa anabaki ananing'inia haanguki. Akamkosa! Akapanda na uzi wake akaanza upya. Gundi ilikauka zamani mi bado nipo pale. Sasa jiulize, ujanani hiyo nafasi ungeitoa wapi? Ungempiga na kandambili ukaendelea na safari.

Halafu kama unaona rangi zimefifia nenda kapime macho. Mi nilitolewa mtoto wa jicho, lenzi ya jicho ukizeeka inakuwa ya njano njano na inakula rangi ya bluu bila wewe kujua, walivyoniwekea ya bandia nikafika nyumbani nikakuta shati nililokuwa naliita la kijivu ni la bluu kabisa. Wiki ile nilikuwa nazunguka nyumbani naangalia vitu kama mgeni.

Mzee_Kipara:

Samahani naomba niwe mbishi kidogo. Mnapendezesha kitu kibaya. Binadamu hakuumbwa akae na buibui. Shirika la Afya Duniani mwaka 2025 limetoa ripoti, mtu mmoja kati ya sita duniani anateswa na upweke, na vifo vinavyohusishwa nao ni zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Uingereza walifikia hatua ya kuteua waziri wa kushughulikia upweke 2018, Japani nao 2021. Serikali haziteui waziri kwa jambo la mchezo. Dada, binti yako anakupenda, hamia kwake umalize. Mi naishi na mwanangu na wajukuu, kelele zipo ndio, ila nikianguka usiku kuna wa kuniinua.

MsomaMwingi:

Shikamoo mama, shikamooni wazee wangu. Mi ni mdogo kwenu, nna 52, ila nimeanza kujiandaa mapema.

Mzee Kipara takwimu zako ni za kweli ila umeishia nusu. Ripoti hiyohiyo inasema walio na upweke zaidi ni vijana, wa miaka 13 mpaka 29 ni asilimia 17 hadi 21, na hao wanaishi na watu, wapo shule, wana simu zimejaa marafiki. Kwahiyo kuwa na watu ndani ya nyumba sio dawa peke yake, unaweza kuwa mpweke sebuleni kwa mwanao watu sita wamekuzunguka kila mmoja na skrini yake. Mama hapo juu hajasema anakosa watu, kasema anao na anawapenda.

Na mama usijione wa ajabu kuhusu kuwa na ugumu pia. Kuna jaribio walifanya Chuo Kikuu cha Virginia, likatoka 2014, watu waliwekwa chumbani dakika 15 bila simu bila kitabu, wakae na mawazo yao tu, na kulikuwa na kitufe ukibonyeza kinakupiga shoti ya umeme. Kabla ya hapo walishaonjeshwa hiyo shoti wakasema wapo tayari kulipa wasipigwe tena. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga shoti wenyewe, wanawake 6 kati ya 24. Yaani mtu anaona bora umeme kuliko robo saa na nafsi yake! Sasa wewe unakaa dirishani alfajiri na unafurahi, mbona upo mbali sana.

Kuna profesa wa Stanford anaitwa Laura Carstensen, ameangalia wazee kwa miaka mingi, anasema mtu akiona muda uliobaki sio mwingi anaanza kuchuja, marafiki wa juujuu anawaachia, anabaki na wachache wa maana, na moyo wake kwa kawaida unatulia kuliko wa kijana. Watoto wanaona mama anajitenga, kumbe mama anachagua.

Kwa jioni mi naongezea kutembea, ila kuna namna ya kutembea. Watafiti wa San Francisco, wakiongozwa na Virginia Sturm, 2020, walichukua wazee 52, kila wiki matembezi ya dakika 15 kwa wiki nane. Nusu walitembea tu, nusu waliambiwa watafute cha kuwashangaza njiani, jani, wingu, chochote, wakiangalie kama hawajawahi kukiona. Hao wa kushangaa ndo walipata furaha zaidi. Na kichekesho ni picha, waliambiwa wajipige selfi kila wakitembea, basi hawa kadri wiki zilivyoenda sura zao zikawa zinachukua nafasi ndogo kwenye picha, mandhari inaongezeka, na tabasamu linapanuka. Mi napenda sana hiyo.

nesi_mstaafu:

Nimesoma wote. Bi Mstaafu mwenzangu, nna maswali ya kinesi, nivumilie.

Kwanza hiyo hali ya jioni. Kama ni mzigo unaokuja na kuondoka, na asubuhi ukiamka unaona raha, mi sioni ugonjwa hapo. Ila ukiona raha ya asubuhi nayo imepotea, vitu unavyovipenda havina ladha, usingizi au hamu ya kula imebadilika, siku nyingi mfululizo kwa wiki mbili au zaidi, hiyo ni sonona, usiambiwe na mtu kwamba ndo uzee. Sio uzee, inatibika, nenda hospitali. Na ukiwaza bora usingekuwepo usisubiri wiki mbili wala siku mbili.

Pili, na hili nimeliona sana kazini. Kuna wazee wanaosema "siku hizi napenda utulivu" kumbe masikio. Zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu wa kusikia wa kuwasumbua kabisa. Inakuja taratibu, hujui. Unachokiona ni kwamba kwenye mkusanyiko maneno yanachanganyikana, unacheka wakicheka wengine bila kujua kilichosemwa, ukirudi nyumbani umechoka hoi, mwishowe unaacha kwenda na unajiambia umekuwa mtu wa kutulia. Huyo hakuchagua, kafungiwa nje. Kwahiyo kabla ya kujisifu unapenda ukimya kapime kama unausikia.

Tatu kutembea sawa, ila fanya na mazoezi ya kusimama imara, mguu mmoja huku umeshika kiti, siku tatu kwa wiki au zaidi. Mzee Kipara kaogopa kuanguka na ana haki. Ukiishi mwenyewe muwe na makubaliano na mtu, kwa mfano kila asubuhi unatuma ujumbe hata wa neno moja, usipotuma mpaka saa fulani anakuja. Binti akijua hilo lipo nadhani hata ile ya kuhama ataipunguza.

Bi_Mstaafu67:

Jamani ahsanteni. Ya shoti ya umeme nimecheka peke yangu mpaka nikajiuliza jirani kasikia.

Nesi, kupima nitapima, lakini naona sio masikio, manake asubuhi namsikia ndege mmoja mti wa pili kabla wenzake hawajaanza, namjua, anapiga mlio mmoja anaacha, anapiga tena, kama anajaribu kama kuna mtu kaamka. Ndo ninayemsubiri hasa pale dirishani, niliona aibu kusema mwanzo.

La ujumbe wa asubuhi nimelipenda, nimempigia binti hapohapo. Amekubali ila ametaka uwe na picha, eti anione sura. Nimemwambia sura hapana, nitakupigia picha ya kilichonishangaza siku hiyo. Leo nimemtumia ukuta. Kuna jua linaingia alasiri kwenye pazia la kushonwa matundu, linachora vidoti ukutani na vinatembea, vikifika kwenye saa ya ukutani najua ni saa kumi na nusu, miaka yote hii nimeishi humu sikuwahi kutulia saa hiyo nikaviona. Akajibu "mama hii nini?" nikamwambia kuna kalamu hapa nimeweka alama vilipoishia leo, nataka nione mwezi ujao vitafika wapi. Fundi ndo kazi yangu ya jioni hiyo, haina maana yoyote kwa mtu mwingine lakini saa kumi sikushika simu.

Mzee Kipara kaka yangu sijakasirika. Siku nikishindwa kujiinua nitahama. Hapa sijafika.

fundi_asiyelala:

Kweli vitahama hivyo vidoti, jua halipiti njia moja mwaka mzima. Andika tarehe pembeni ya alama, usije ukasahau ipi ni ipi. Na tumia penseli, ya kalamu haifutiki siku ukipaka rangi.

Mzee_Kipara:

Haya mmenishinda kwa wingi, ila kuhama bado nasisitiza, msinifanye nimebadilika.

Ila nesi naomba nikuulize. Mjukuu wangu analalamika naweka tv sauti mpaka majirani wanafuata taarifa ya habari kwangu. Na hilo la kucheka wakicheka wengine umenigusa pabaya. Hicho kipimo kinauma?

nesi_mstaafu:

Hakiumi hata kidogo kaka. Unavaa hedifoni, wanakupigia milio midogo midogo, ukisikia unabonyeza kitufe. Waangalie na nta pia, wakati mwingine ni hiyo tu imeziba. Na usichokoe na njiti kabla ya kwenda, unaisukuma ndani.

Mzee_Kipara:

Nimeshachokoa leo asubuhi.