Mjadala: Norman Bates ni mgonjwa wa akili, au ni mtu wa kutisha tu?

Nyegezi Stendi: Wakuu, jana nimeirudia filamu ya Psycho ya Hitchcock, ile ya 1962. Mpaka leo sijaona aliyeigiza mgonjwa wa akili kama Anthony Perkins, aliyecheza yule muuaji Norman Bates. Hapigi kelele, hatoi macho. Analizamisha gari kwenye dimbwi huku anatafuna, mara gari linagoma kuzama, uso wake wote unabadilika. Kwetu kichaa lazima avae matambara na kucheka hovyo. Nani anabisha?

Kamanga Feri: Nabisha. Kwanza ni 1960. Pili, hapo kaigiza woga wa kukamatwa, si ugonjwa. Ugonjwa tunaelezwa na yule daktari wa mwishoni. Filamu ikihitaji daktari aje kutwambia mtu anaumwa nini, imeshindwa.

Mzee wa Igoma: Maelezo ya nini? Mtu kaiweka maiti ya mama yake ndani ya nyumba! Huyo ni hospitali ya vichaa, Mirembe moja kwa moja.

Binti Mwaloni: Mzee, shikamoo, ila hapo umenichoma. Mirembe watu wanaenda kutibiwa. Kaka yangu alilazwa, akapona kiasi cha kurudi kazini, sasa yuko hapa Kirumba anajaza dagaa kwenye magunia. Sauti zikimjia anaongeza redio, anaendelea na kazi. Hajamgusa mtu. Yeye ndiye aliyepigwa mawe na watoto wa mtaani. Filamu gani ya mauaji imeonyesha hilo?

Isamilo Juu: Tazameni Gaslight ya 1944. Ingrid Bergman haumwi. Taa za gesi zinafifia kwa sababu mumewe yuko darini anatafuta vito, lakini yeye anaambiwa anaona yasiyokuwepo. Anafichiwa vitu, anaambiwa kavipoteza. Anavyoanza kujitilia shaka inauma kuitazama. Oscar aliipata kwa haki.

Mzee wa Igoma: Marahaba binti. Sijamtukana kaka yako. Ila mimi napangisha vyumba, na wapangaji wangu wana watoto. Nikisikia mtu katoka Mirembe, nisiulize? Hata huyo Norman ukimwona ni mpole, anakukaribisha chakula.

Binti Mwaloni: Umeona sasa? Norman ni wa kutungwa, lakini ndiye anayemnyima kaka yangu chumba. Huko huko Igoma alirudishwa getini na kodi ya miezi sita mkononi, kisa jirani alimnong'oneza mwenye nyumba.

Nyegezi Stendi: Jamani, turudi kwa Perkins.

Kamanga Feri: Perkins asubiri. Mzee, yule mlevi anayevunja vioo usiku wa manane unampangishia au humpangishii?

Mzee wa Igoma: Mlevi nikimfukuza anaondoka, na mtaa mzima unaniunga mkono. Huyu nikimtoa mtasema nimemwonea mgonjwa.

Binti Mwaloni: Hatujakuomba umvumilie, mzee wangu. Mpe mkataba kama wengine, alipe kodi, akae. Akivunja kioo, mtoe kama unavyomtoa mlevi.