Nina ugonjwa wa Crohn na nataka kushika mimba: dawa niache au niendelee?

Asali: Wakuu, naombeni ushauri. Nina Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), natumia methotreksati mara moja kwa wiki pamoja na dripu ya infliksimabu kila baada ya wiki 8, zote za kutuliza kinga ya mwili inayoshambulia utumbo. Tumbo limetulia. Tunataka mtoto, ila ndugu wanasisitiza niache dawa zote nisije nikamdhuru. Nianzie wapi?

MfamasiaWaZamu: Dada Asali, usizitie dawa hizo mbili kapu moja. Methotreksati lazima itoke. Inazuia kazi ya foliki (vitamini B9) mwilini, hutoa mimba na huleta ulemavu kwa mtoto. Iachwe angalau miezi 3 kabla hujaacha uzazi wa mpango, maana hukaa ndani ya seli muda mrefu baada ya dozi ya mwisho. Lakini usiiache kimyakimya. Daktari aamue kama infliksimabu peke yake itatosha, au aongeze azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga ambayo huendelea hata kwenye ujauzito. Infliksimabu usiiache, endelea nayo.

Foliki anza sasa, mikrogramu 400 kwa siku. Wanaotumia sulfasalazini, dawa nyingine ya uvimbe wa utumbo, huandikiwa zaidi ya hapo, kwa sababu inazuia foliki kufyonzwa. Mwanamume akiitumia hupungukiwa mbegu, nazo hurudi miezi 2 hadi 3 baada ya kubadilishiwa dawa.

TabibuWaTumbo: Ndugu wana nia njema, ila adui mkuu si dawa. Kinachomponza mtoto ni ugonjwa ulioamka: mimba huharibika, uchungu huja kabla ya wakati, mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Ukishika mimba ugonjwa ukiwa umelala, kwa kawaida hauamki zaidi ya ungeamka bila mimba. Ukishika ugonjwa ukiwa umeamka, mara nyingi hubaki hivyo au huzidi. Kwa hiyo subiri miezi 3 hadi 6 ya utulivu bila steroidi.

Na hapo kwenye "tumbo limetulia", tafadhali pima. Crohn inaweza kula utumbo bila maumivu yoyote. Choo kipimwe kalprotektini (protini inayoonyesha uvimbe wa utumbo), na kamera ya utumbo ifanyike kabla ya mimba ikiwezekana. Damu iangaliwe wingi wake, madini ya chuma, na vitamini B12, hasa kama ulikatwa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Ukishakuwa mjamzito, kalprotektini bado inaaminika. ESR, kipimo cha damu cha uvimbe, haiaminiki, hupanda kwa sababu ya mimba yenyewe.

Asali: Asanteni sana. Je, ugonjwa ukiamka nikiwa mjamzito? Na kujifungua ni lazima upasuaji?

TabibuWaTumbo: Wahi hospitali, usisubiri kliniki ijayo. Choo kipimwe kwanza maambukizi, kwani huiga dalili zilezile. Prednisoloni, ambayo ni steroidi, hutumika, huku sukari na presha vikifuatiliwa. Ultrasaundi na kamera fupi ya utumbo mpana bila dawa ya usingizi vinafanyika.

Mkunga_Mkongwe: Upasuaji si lazima. Hupendekezwa kama wakati huo una jipu au fistula (tundu lisilo la kawaida) inayotoa usaha karibu na njia ya haja kubwa, maana pakichanika hapo hapaponi vizuri. Baada ya kujifungua, wengi huandikiwa diklofenaki au ibuprofeni bila kuulizwa, nazo zinaweza kuamsha Crohn. Sema mapema, uanze na parasetamoli. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana, nenda hospitali saa hiyohiyo: ugonjwa huu na uzazi vyote huchangia damu kuganda. Nyonyesha huku ukitumia infliksimabu au azathioprini. Kati ya hizi zako, methotreksati ndiyo haiendi na kunyonyesha.

MfamasiaWaZamu: Naongeza la chanjo, ndilo linalonitia hofu zaidi. Infliksimabu hupita kwenye kondo la nyuma, hasa miezi 3 ya mwisho, na mtoto hubaki nayo kwa miezi baada ya kuzaliwa. BCG, chanjo ya kifua kikuu, ni bakteria hai. Kuna mtoto aliyefariki baada ya kuchanjwa BCG, mama yake akiwa alitumia infliksimabu mimba nzima. Kwa hiyo BCG iahirishwe angalau miezi 6. Madaktari wengine husubiri 12. Matone ya polio na ya rota nayo ni hai, daktari wa watoto aamue. Zisizo hai, kama ya homa ya ini B, apate kwa wakati wake. Haya yaandikwe kwa herufi kubwa juu ya kadi ya kliniki, na atakayekusindikiza ayajue, maana BCG mara nyingi hutolewa mapema baada ya kujifungua, wewe mwenyewe ukiwa bado umelala kwa uchovu.