Je, inawezekana kumchanja mtu dhidi ya mimba, na hatari zake ni zipi?

Mwl_Mgeta anauliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha baiolojia shule ya sekondari, na tulipokuwa kwenye somo la kinga ya mwili mwanafunzi mmoja aliuliza jambo ambalo sikupenda kulijibu kwa haraka. Ikiwa mwili hufundishwa kwa chanjo kuvitambua virusi vya surua na kuviangamiza, kwa nini usifundishwe kuzuia mimba vivyo hivyo, ili mwanamke aachane na vidonge vya kila siku? Mwenzake akaongeza kwamba ingefaa zaidi kutengeneza kirusi kisichodhuru, kienee chenyewe kwa watu na kupunguza uzazi. Wa tatu akasema chanjo hiyo ipo tayari, na kwamba ndiyo waliyochomwa akina mama wa Kenya kwa jina la pepopunda. Naomba wenye ujuzi mnieleze ni lipi kati ya hayo limekwisha kufanyiwa utafiti wa kweli, na hatari zake ni zipi. Sitaki kumkatisha tamaa kijana anayefikiri, wala sitaki atoke darasani na uzushi.

Maabara_Dodoma:

Mwalimu, mwanafunzi wako wa kwanza amewaza jambo ambalo wanasayansi wamelihangaikia tangu miaka ya 1970. Lililolengwa zaidi ni homoni iitwayo hCG, ambayo hutolewa na kiinitete siku chache baada ya yai kurutubishwa, na kazi yake ni kuifanya ovari iendelee kutoa projesteroni ili ukuta wa mji wa mimba usibomoke. Ndiyo homoni inayopimwa na kile kipimo cha mkojo kinachouzwa maduka ya dawa: kwenye ule ukanda mwembamba zimepakwa kingamwili, yaani protini za kinga ambazo kila moja hunasa kitu chake maalumu, mkojo ukipanda hCG hunaswa hapo, na mstari wa pili hujitokeza. Sasa chukulia kwamba kingamwili za aina hiyo zimo katika damu ya mwanamke mwenyewe. hCG ikianza kutoka hunaswa kabla haijafanya kazi yake, hedhi huja kwa wakati wake, na mimba haishiki.

Tatizo ni kwamba mwili hauna desturi ya kushambulia homoni zake. Profesa G. P. Talwar na wenzake huko New Delhi, India, waliunganisha sehemu ya hCG na sumu ya pepopunda au ya dondakoo iliyokwisha kuondolewa makali, ili mfumo wa kinga, unaoitambua sumu hiyo kuwa ni adui, uitambue na homoni iliyobebwa nayo. Mwaka 1994 walitangaza matokeo ya jaribio la wanawake 148. Wanawake 119, yaani asilimia 80, walifikia kiwango cha kingamwili kilichohesabiwa kuwa cha kukinga, nacho ni nanogramu 50 kwa mililita, na katika mizunguko 1,224 ya hedhi iliyofuatiliwa wakiwa juu ya kiwango hicho ilipatikana mimba moja tu. Kiwango kiliposhuka, uwezo wa kushika mimba ulirudi.

Matokeo hayo yanavutia, lakini wasomee wanafunzi wako pia upande wa pili. Mwanamke mmoja kati ya watano alichanjwa na hakukingika, na hakuna dalili yoyote ya nje ya kumtenga na wenzake. Ni damu ipimwe. Hata aliyekingika, kiwango chake hushuka taratibu, kila mtu kwa mwendo wake, hivyo anaweza kujiona salama mwezi ambao kinga imekwisha kwisha. Akibadili nia baada ya mwezi mmoja, hakuna cha kumwondolea: kidonge huachwa, kijiti hutolewa mkononi, kitanzi huvutwa, lakini kingamwili husubiriwa tu zipungue zenyewe. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko yote. Kuna pia hofu kwamba hCG inafanana mno na LH, homoni ya tezi iliyo chini ya ubongo inayochochea yai kupevuka, hivyo kinga iliyolenga moja huweza kuigusa nyingine. Kundi jingine la watafiti, lililosaidiwa na Shirika la Afya Duniani, lilikwepa hatari hiyo kwa kutumia kipande cha mwisho cha hCG, chenye asidi amino (vijenzi vya protini) 37 ambazo LH haina, ingawa kipande hicho kiliamsha kinga iliyo dhaifu zaidi. Hadi leo hakuna chanjo ya kuzuia mimba iliyoidhinishwa kwa binadamu popote duniani.

Daktari_wa_Mifugo:

Naomba nishike swali la kirusi, kwa sababu limewahi kujaribiwa kwa wanyama na matokeo yake yanapaswa kujulikana na kila anayelifikiria.

Australia husumbuliwa na panya wa mashambani, ambao miaka mingine huongezeka hata wakamaliza nafaka ghalani. Watafiti wa Canberra walitaka kuwapunguza bila sumu, kwa kutumia kirusi cha ndui ya panya kilichopandikizwa jeni ya protini ya ganda la yai, ili panya jike akiambukizwa kinga yake iyashambulie mayai yake mwenyewe. Ili kuiongeza nguvu kinga hiyo, wakaongeza jeni ya interleukini-4, ambayo ni moja ya molekuli ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 na Ronald Jackson, Ian Ramshaw na wenzao hayakuwa ya utasa. Kirusi kilizima ile sehemu ya kinga inayoua seli zilizoambukizwa, na panya wa ukoo unaojulikana kwa kustahimili ugonjwa huo wakafa. Hata waliokuwa wamechanjwa dhidi ya ndui hiyo, baadhi yao hawakupona. Waliofanya kazi hiyo walikuwa watu makini, katika maabara iliyofungwa, na lengo lao lilikuwa jema.

Kwa hiyo kijana wako aelewe tofauti iliyopo kati ya sindano na kitu kinachojieneza. Tembo wa Afrika Kusini wamezuiwa kuzaa kwa chanjo itokanayo na ganda la yai la nguruwe tangu majaribio ya hifadhi ya Kruger mwaka 1996, lakini kila tembo jike hupigwa dati lake, yaani sindano inayorushwa kwa bunduki, mara nyingi kutoka kwenye helikopta, na ambaye hakupigwa haimfikii. Chanjo ya namna hiyo, ilipojaribiwa kwa baadhi ya wanyama wengine, sungura wakiwemo, iliharibu ovari zenyewe. Kirusi kinachotoka kwa mtu na kuingia kwa mwingine kingemfikia binti ambaye hajazaa, mgonjwa mwenye kinga dhaifu, na jirani aliye ng'ambo ya mpaka ambaye hakushirikishwa katika uamuzi wowote.

Muuguzi_Kisumu:

Mwalimu, hongera kwa kutolikwepa swali. Mimi nahudumu kliniki ya uzazi wa mpango, na la pepopunda nalisikia mpaka leo.

Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake ilichanganywa na hCG. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha, na ilielezwa kuwa sampuli zilipimwa kwa mitambo iliyotengenezwa kupimia damu na mkojo wa binadamu, si dawa iliyo kichupani. Maelezo ya ndugu wa Dodoma yanaonyesha uvumi ulikopatia mguu: ni kweli sumu ya pepopunda ilitumiwa kubebea hCG katika utafiti wa India. Lakini mbebaji pekee hafundishi kinga kuishambulia homoni asiyoibeba. Akina mama wajawazito huchomwa chanjo hiyo kliniki, mimba zao hukua, na huzaa watoto ambao hawafi kwa pepopunda ya kitovu.

Ninalowaomba watafiti ni ridhaa. Mama anapokuja kwangu kuomba kijiti kitolewe, hata kama ana miezi mitatu tu nacho, nakitoa. Kwa chanjo kama hiyo ningemwambia nini?

Mwl_Mgeta:

Nawashukuru sana, dada na ndugu zangu. Wasichana darasani wameuliza kwa nini kila jaribio ni la mwili wa mwanamke.

Maabara_Dodoma:

Wana haki ya kuuliza. China katika miaka ya 1970 iliwapa wanaume zaidi ya 8,000 gosipoli, kemikali ya mbegu za pamba. Mbegu zao za kiume zilipungua kweli, lakini baadhi walipungukiwa na potasiamu mwilini na wengine hawakurudishiwa uzazi wao, hivyo ikaachwa. Mwaka 2004 ilitangazwa chanjo dhidi ya Eppin, protini iliyo juu ya mbegu za kiume, kwa nyani madume: saba kati ya tisa waliitikia vizuri na wote saba wakawa hawazalishi, kisha watano kati ya hao wakarudi hali yao baada ya kuachishwa. Wawili waliobaki ndio wanaonitia wasiwasi, kwa sababu hakuna aliyeweza kuwatambua mapema.

Njia ninayoiona ya busara zaidi ni ya Boston, Marekani. Huko hawaufundishi mwili kitu. Walichukua kingamwili inayogandisha mbegu za kiume, iliyogunduliwa kwanza kwa mwanamke tasa, wakaizalisha ndani ya mmea wa jamii ya tumbaku na kuitia katika utando mwembamba ambao mwanamke huuweka ukeni mwenyewe kabla ya tendo. Bado iko majaribioni, lakini asipouweka, hakuna kinachobaki mwilini mwake cha kusubiri kiishe.