Mama ameitwa juri Uingereza na anasafishwa damu: barua ya daktari iandikweje?

mwana_wa_Pangani
Wakuu, shikamooni. Mama yangu yuko Leicester, ana miaka 72, ameletewa barua ya kuitwa kwenye juri (wale watu wa kawaida wanaoamua kesi mahakamani). Figo zimefeli, anasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Bado ni Mtanzania, ana ukaazi wa kudumu tu. GP (daktari wa mtaani) wanasema barua ni wiki tatu na inalipiwa, mahakama wanataka jibu ndani ya siku 7. Nifanyeje?

Karani_Mstaafu
Pole kwa kuuguza. Uraia hautamtoa. Sisi wa Jumuiya ya Madola tukiwa na ukaazi tunaruhusiwa kujiandikisha kupiga kura, na majina ya juri huchotwa kwenye daftari hilohilo. Umri nao bado, kikomo ni 75. Umebaki ugonjwa, na huo unatosha kabisa.

Usingoje barua ndipo ujibu. Jibu leo mtandaoni, unaruhusiwa kumjazia. Shika namba yake ya juri yenye tarakimu 9, jina la ukoo na postikodi. Eleza hali yake kwa kirefu, useme barua ya hospitali inafuata. Kinacholeta faini ni kukaa kimya, na inafika hadi pauni 1,000.

BintiKisauni
GP wa nini? Anayemsafisha ni hospitali, barua itoke kitengo cha figo. Mwombe nesi wake siku ya zamu, au mpigie katibu wa daktari bingwa. Omba na ratiba yake ya mashine iliyochapwa, hiyo ina nguvu kuliko watu wanavyodhani.

Nusu ukurasa inatosha: jina, namba ya juri, kisha kitu kama "husafishwa damu siku tatu kwa wiki, muda wa saa 4 hivi kila mara, hawezi kuruka kipindi, na matibabu hayatarajiwi kuisha ndani ya miezi 12." Barua inayosema tu "ana matatizo ya kiafya" haimsaidii, maana haisemi hawezi nini wala mpaka lini. Hata jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Wenye kisukari na wa viti vya magurudumu wanakaa juri, mahakama inawapangia mapumziko na njia ya kupita.

MlimaMeru
Si aombe tu kuahirisha? Rahisi zaidi.

Karani_Mstaafu
Hapana mkuu. Kuahirisha ni mara moja tu, na tarehe mpya lazima iangukie ndani ya miezi 12. Hiyo inamfaa anayesubiri upasuaji wa goti. Mama mwakani atakuwa kwenye mashine ileile, na nafasi yake ameshaitumia. Aombe kusamehewa.

Tena wasije wakasema Jumanne na Alhamisi yuko huru. Juri kwa kawaida ni siku 10 za kazi mfululizo, na kesi ikirefuka nawe unarefuka nayo. Liandike hilo.

mwana_wa_Pangani
Asanteni sana. Wakikataa je? Na Kiingereza chake ni cha kuungaunga, nitaje?

BintiKisauni
Kitaje kwa mstari mmoja, kisiwe hoja kuu. Hilo mara nyingi huachiwa jaji, na mama atakuwa ameshaburutwa hadi mahakamani. Wakikataa, mwandikie meneja wa juri wa mahakama aliyoitwa, uambatishe barua na ratiba. Ila mpaka wamjibu wito bado uko palepale, kwa hiyo tarehe ikikaribia wapigie simu.