Naombeni ushauri wa haraka: Joe Calzaghe ni gwiji au siyo?

Kona_Nyekundu: Wakuu, leo siku ya tatu usingizi hauji. Joe Calzaghe, bondia wa Wales, alitundika glovu 2009, mapambano 46, kashinda yote 46. Anastahili kuitwa gwiji wa ndondi? Nijibuni ndiyo au hapana tu. Mwisho Jumamosi.

Kengele: Hapana. Marekani kavuka 2008, tena kumpiga Hopkins wa miaka 43 na Roy Jones wa miaka 39. Na wazee wote wawili walimlaza chini raundi ya kwanza!

BintiUlingo: Huyo "mzee" Hopkins miezi sita baadaye alimfundisha bingwa Pavlik ndondi ulingoni, na 2011 akabeba mkanda wa dunia ana miaka 46. Haya, na Kessler? Alikuja Cardiff 2007 hajawahi kupoteza, akarudi kwao kapoteza. Jeff Lacy naye 2006 alitamba hapigiki, akachezea kichapo raundi zote 12.

MzeeWaKamba: Mimi nilipigana ujanani. Mapambano manne: matatu nilipigwa, la nne mpinzani hakutokea. Mpaka leo mke wangu ananiita bingwa. Tafuta mke kama huyo, kijana, utalala.

Kengele: Mleta uzi, Jumamosi kuna nini?

Kona_Nyekundu: Mambo ya kifamilia tu.

BintiUlingo: Familia gani hiyo inayomsubiri Calzaghe? Funguka.

Kona_Nyekundu: Sawa. Nimewekeana dau na shemeji, tukakubaliana jukwaa hili ndilo liamue. Nimeweka kompyuta yangu ya kazi. Iko kwake tayari, lakini kama dhamana tu. Na msinirukie, nilipiga hesabu! Mtu kamshinda Eubank 1997, kakaa na mkanda wa dunia wa WBO zaidi ya miaka kumi, kautetea mara 21. Nani mwenye akili angepinga?

Kengele: Mimi. Jibu la kwanza kabisa hapo juu.

Sauti_ya_Nyikani: Kamari imeangusha watu wengi kuliko ngumi. Mwombe shemeji msamaha, uache.

MzeeWaKamba: Hilo pambano la nne, kwa taarifa yenu, kwenye rekodi linahesabika ushindi.

Mtunza_Nyuzi: Subirini kwanza, hii chai. Mwezi jana huyu huyu alileta uzi wa Lennox Lewis. Shemeji alikuwa bosi, kompyuta ilikuwa simu. Hata "sijalala siku tatu" ilikuwepo.

BintiUlingo: Kumbe! Na mimi nimehangaika kutetea.

Kona_Nyekundu: Wakuu, siyo chai. Lile lilikuwa dau lingine, na ile simu ilikwenda kweli. Hapa kwenyewe naandikia simu ya shemeji, kaingia kuoga. Binti, nihesabu kura ya ndiyo?

BintiUlingo: Hesabu. Kwa heshima ya Calzaghe, siyo yako.

Kona_Nyekundu: Shemeji hapa. Nimetoka kuoga. Endeleeni kuandika hapana.