Tupeane uzoefu: makosa yanayotunyang'anya ushindi kwenye Scrabble

Mzee wa Ngarenaro
Wakuu wa Arusha na Moshi, mtu anaongoza kwa pointi 40, mfuko wa kete za herufi unakaribia kwisha, halafu anapoteza. Tutaje makosa yenyewe. Naanza na Q. Mpinzani akimaliza kete, anaongezewa mara mbili ya thamani ya ulichobaki nacho, kwa hiyo Q peke yake ni pointi 20. Maneno mengi ya Q yanadai U, na U ziko 4 tu kwenye seti, usiziwekee matumaini. Shika yasiyodai U: QI, QAT, SUQ na TALAQ.

Kijenge Juu
Naunga mkono. Na mfuko ukiwa na kete chini ya 7 hakuna kubadilisha kete. Q itoke kabla ya hapo.

Binti Soweto
Kwetu sisi kosa linalouma kuliko yote ni kudhani neno la Kiswahili likiingia kwenye Collins, kamusi ya Scrabble ya Kiingereza tunayochezea, limeingia na sarufi yake. Meza moja huku Moshi, mchezaji ana M, S, H, M, B, A, A, na ubaoni kuna A iko wazi. Akaiona MASHAMBA, akamwaga zote 7. Herufi peke yake ni 17, bonasi ya kumwaga zote 50, hapo hujagusa miraba ya rangi inayozidisha pointi. Mpinzani akasimamisha saa, akapinga. Neno likaondolewa, sifuri! Collins inayo SHAMBA, na wingi wake ni SHAMBAS. MASHAMBA haimo. Hasara haikuishia hapo: kete zake zote zimeshaonekana, mpinzani akajua cha kuziba na akakiziba. Na SHAMBA ilikuwa mkononi muda wote, kasoro M moja.
UGALI, DUKA, MZEE, UHURU na UJAMAA zimo. Wingi unafuata Kiingereza: UGALIS, DUKAS. Zikariri hivyo hivyo hata sikio likikataa.

Mmachame
Hiyo MASHAMBA imenichoma. Alishinda au?

Binti Soweto
Alipoteza. Alikaa anaitafakari ile sifuri huku saa yake inakimbia.

Sakina Kwa Iddi
Dada, unawatisha wanaoanza. Nigel Richards, mchezaji wa New Zealand, alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 na Kifaransa hakizungumzi. Alikariri orodha. Achaneni na maana, achaneni na sarufi.

Binti Soweto
Kaka, soma tena. Nimesema wakariri, pamoja na wingi. Tunabishana nini?

Sakina Kwa Iddi
Sawa dada, nimekuelewa. Ila waanze na maneno ya herufi mbili. Yako 127 kwenye Collins ya 2019.

Mmachame
Mimi nasema waanze na herufi 7, bonasi ndiyo inayoamua mechi. Shika RETINA kisha ongeza moja. Ukipata C ni CERTAIN, P ni PAINTER au REPAINT, G ni GRANITE au TEARING.

Mzee wa Ngarenaro
Mmachame, hiyo PAINTER utaipachika wapi bila maneno ya herufi mbili ya kuilaza sambamba na neno lililopo? Mbili kwanza.

Kijenge Juu
Mkague na simu zenu. Programu nyingi zinafunguka na kamusi ya Marekani, yenye maneno ya herufi mbili 107. Mtu anafanya mazoezi miezi, akija mezani haijui ZO, haijui CH. Wakati huohuo anapinga neno halali, na kwa sheria za WESPA, chama cha kimataifa cha Scrabble ya Kiingereza, kila neno alilolipinga bure linamgharimu pointi 5.

Fundi Saa wa Majengo
Turudi kwenye saa aliyoitaja dada. Kila mtu ana dakika 25, na kila dakika ya ziada inakula pointi 10. Utaratibu ni huu: panga kete, taja pointi, bonyeza saa, andika, ndipo uchote. Wengi wanaandika kabla ya kubonyeza. Sekunde 10 kwa kila zamu, zamu 13, dakika mbili zimeenda. Umeme ukikatika jioni, simamisheni saa kwanza, kete zilale kifudifudi, mfuko ukae katikati ya meza.

Mmachame
Na mfuko ushikwe juu, usawa wa macho, uso ukiangalia pembeni. Kete za kuchongwa zinasomeka kwa vidole, ile tupu isiyo na herufi ni laini kabisa. Tafuteni zilizochapwa.

Kijenge Juu
Hakuna aliyetaja karatasi ya kufuatilia kete. Andika zote 100 kabla ya mechi, E 12, S 4, tupu 2, ufute kila zinapotua. Mfuko ukiisha, zilizobaki kwenye karatasi yako, ukitoa za kwako, ndizo alizoshika yeye.

Binti Soweto
Kijenge, hiyo karatasi unaipanga kwa alfabeti au irabu peke yake?