Diwani asema barabara si kazi ya halmashauri: mitaro, taka na taa tumdai nani?

Mkazi wa Kanda ya Ziwa

Ndugu zangu, naomba ufafanuzi kutoka kwa wenye uzoefu wa uendeshaji wa halmashauri za Tanzania Bara. Ninaishi katika mtaa ulio kwenye mteremko, ndani ya manispaa mojawapo ya Kanda ya Ziwa. Barabara yetu ya changarawe ilichongwa kwa greda kabla ya mvua za vuli na kalavati likawekwa, lakini mkandarasi aliondoka bila kujenga mtaro wa kupokea maji yanayotoka kwenye kalavati hilo, hivyo maji yote sasa yanapita katika nyua za nyumba zilizo chini. Kizimba cha taka kilicho jirani na soko hujaa mpaka taka zikamwagika barabarani, na mvua ikinyesha, mifuko na maganda ya ndizi huishia kwenye kalavati hilohilo na kuliziba. Taa za sola zilizopo kando ya kipande cha lami nyingi haziwaki, na nguzo mojawapo imebaki na kisanduku kilicho wazi ambacho betri yake haimo.

Tulipolifikisha suala hili kwenye mkutano wa mtaa, mwenyekiti alituelekeza kwa diwani, naye diwani akatujibu kwamba halmashauri haina mamlaka juu ya barabara. Je, jibu hilo ni sahihi? Na kama ni sahihi, baraza la madiwani linasimamia nini katika mambo haya?

Mtendaji Mstaafu

Jibu mlilopewa lina ukweli, ila halijakamilika, na sehemu iliyoachwa ndiyo yenye manufaa kwenu. Tangu Julai 2017 barabara za wilaya, za mijini na vijijini, zimekuwa chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, ulio chini ya Ofisi ya Rais TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), wakati barabara kuu na za mikoa zinabaki kwa TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania. Kabla ya hapo mhandisi wa barabara alikuwa mtumishi wa halmashauri, akiwajibika kwa mkurugenzi, na madiwani waliweza kumhoji kama mkuu mwingine yeyote wa idara. Leo meneja wa TARURA wa wilaya ana mlolongo wake wa uwajibikaji, na fedha zake hazipiti kwenye akaunti za halmashauri. Sehemu kubwa hutoka Mfuko wa Barabara na katika tozo ya Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli iliyoongezwa mwaka 2021. Kwa hiyo diwani hana uwezo wa kumwagiza mkandarasi arudi kazini.

Hata hivyo, meneja huyo huwasilisha mpango wa kazi na taarifa ya utekelezaji mbele ya baraza la madiwani, na vipaumbele vya barabara zipi zitengenezwe vinatakiwa kutoka katika kata. Hapa ndipo ninapoona uzembe mkubwa. Kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambacho mwenyekiti wake ni diwani mwenyewe, ndicho kinachopaswa kuandika kwenye muhtasari kwamba eneo fulani ni korofi, kalavati fulani halina mtaro wa kutolea maji, na nyumba kadhaa zimo hatarini. Diwani akishaliingiza hilo katika taarifa ya kata inayosomwa barazani kila robo mwaka, meneja analazimika kulijibu hadharani, na majibu yake yanabaki kwenye kumbukumbu. Malalamiko ya mdomo, hata yakitolewa kwa uchungu namna gani, hayaachi alama yoyote ofisini.

Angalieni pia kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini bajeti hujadiliwa na mabaraza mwanzoni mwa mwaka wa kawaida, hivyo jambo ambalo halijapita kwenye kata kufikia Desemba hupata nafasi finyu sana. Mikutano ya baraza zima ni ya wazi, nanyi mna haki ya kwenda kusikiliza. Kwa ngazi ya juu zaidi ipo Bodi ya Barabara ya Mkoa chini ya Mkuu wa Mkoa, ambako TANROADS na TARURA hukutana na wabunge na viongozi wa halmashauri.

Mhandisi wa Mitaro

Naongezea upande wa mkataba. Kwanza mjue kama mtaro huo ulikuwemo katika orodha ya kazi alizopewa mkandarasi. Ikiwa ulikuwemo na hakuujenga, basi kazi haikupaswa kupokelewa kama iliyokamilika. Ikiwa haukuwemo, kosa ni la usanifu, na kumlaumu mkandarasi hakutawasaidia. Ombeni taarifa hiyo kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma, nayo mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya siku 30.

Fanyeni haraka, kwa sababu mikataba ya aina hii huwa na kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro za kazi yake kwa gharama zake na sehemu ya malipo yake huzuiwa mpaka kipindi hicho kiishe. Barua ikifika baada ya hapo, marekebisho yatasubiri bajeti nyingine. Ambatanisheni picha zilizopigwa wakati mvua inanyesha, zikionyesha maji yanatokea wapi na yanaelekea wapi.

Mfuatiliaji wa Ada

Kwenye taka hakuna kisingizio hata kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka jukumu la taka ngumu kwa serikali za mitaa, na ada mnayolipa hutozwa kwa sheria ndogo iliyopitishwa na madiwani haohao. Anayezoa anaweza kuwa mzabuni au kikundi cha vijana wenye guta, lakini mkataba wake ni wa halmashauri, na Kamati ya Mipango Miji na Mazingira inayo haki ya kuuhoji: gari linatakiwa kupita mara ngapi kwa wiki, limepita mara ngapi, na ada iliyokusanywa katika kata yenu ni kiasi gani.

Swali la umbali wa dampo nalo lisisahaulike. Dar es Salaam kwa miaka mingi imetegemea dampo la Pugu Kinyamwezi, na gari linalotoka upande wa pili wa jiji hutumia muda mwingi barabarani, likazoa safari chache kwa siku. Kizimba kinachofurika huenda kinaeleza upungufu wa safari kuliko uvivu wa wazoaji.

Msomaji wa Nakuru

Huku Kenya, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka barabara za kaunti, taa za barabarani na utupaji taka chini ya serikali ya kaunti, na Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti kuendesha shughuli zake wazi na kuwashirikisha wananchi. Pamoja na hayo, KURA (mamlaka ya barabara za mijini) na KeRRA (mamlaka ya barabara za vijijini) ni mashirika ya serikali ya kitaifa, na magavana na wabunge wamevutana sana juu ya fedha za matengenezo ya barabara. Mwananchi wa kwetu naye bado huuliza barabara iliyo mbele ya nyumba yake ni ya nani.

Mkazi wa Kanda ya Ziwa

Nawashukuru kwa dhati. Nitamwomba mtendaji wa mtaa aitishe kikao ili barua ya mtaro na ya taka ziandikwe kila moja peke yake. Kuhusu taa, nianzie wapi?

Mhandisi wa Mitaro

Anza kwa kujua nguzo zilisimikwa chini ya mkataba gani: wa TARURA, wa TANROADS au wa halmashauri yenyewe. Kisha uliza kama kuna fungu lililotengwa kwa matengenezo, kwa maana taa ya sola haina bili ya umeme lakini betri yake huchoka, na mradi usiotenga fedha za betri hubaki na nguzo tupu baada ya miaka michache. Ile nguzo yenye kisanduku wazi iripotini polisi kama wizi, mpate namba ya taarifa, na muiandike namba hiyo ndani ya barua.